Msafara Ukishapita Kusini

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa, ukavuka Mto Rufiji juu ya Daraja la Mkapa na kushika njia ya Nangurukuru hadi Lindi, mikorosho inakupokea kabla ya watu. Inaanza mmoja mmoja kando ya nyumba za Kibiti, inazidi kadiri unavyosogea kusini, na ukishapita Mingoyo kuelekea Mtwara au Masasi, inatanda kila upande. Niliifuata njia hiyo kwa sababu ndiyo mikoa aliyoizunguka Rais Samia Suluhu Hassan katikati ya Septemba 2023, alipopita Mtwara na Lindi akizungumza na wananchi habari za bandari, barabara, maji, pembejeo na ajira. Ziara za namna hii tumezizoea: msafara unafika, mabango ya kero yanainuliwa, waziri anaitwa mbele ajibu, agizo linatolewa, watu wanashangilia. Swali langu lilikuwa moja. Msafara ukishapita, ni lipi kati ya yaliyosemwa jukwaani linalogeuka kazi ya mtu? Jibu nililolipata kusini ni hili: agizo la kiongozi huzaa ajira pale linapoungwa mkono na kanuni, bajeti na tarehe. Likibaki agizo tupu, hata liwe na nia njema kiasi gani, linaweza kuziua hata ajira zilizokuwapo.

Watu wa kusini wana sababu ya kuyapima maneno ya viongozi kwa mizani kali. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga uliotarajiwa kuwapatia Waingereza mafuta ya kula na Watanganyika kazi. Mapori ya Nachingwea yakafyekwa, reli ikajengwa kutoka pwani, na gati la maji ya kina likajengwa Mtwara. Mwaka 1951 mpango ukafutwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni, na reli yenyewe ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kukosa mzigo. Baadaye ikaja gesi ya Mnazi Bay. Wananchi wa Mtwara walipoandamana Januari 2013, na vurugu zilipozuka tena Mei mwaka huo baada ya bajeti ya nishati kusomwa bungeni, hoja yao kubwa ilikuwa ajira: gesi ikipelekwa Dar es Salaam kwa bomba, viwanda vya hapa vitaendeshwa kwa nini? Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015. Mwezi huohuo kiwanda cha saruji cha Dangote kilizinduliwa nje ya mji wa Mtwara, na hicho kimetoa kazi kweli. Lakini mradi wa kuigeuza gesi kuwa kimiminika uliopangwa Likong'o, Lindi, umetajwa majukwaani kwa zaidi ya miaka kumi, wakazi wakalipwa fidia wakapisha, na ujenzi bado. Aliyeyashuhudia hayo hahitaji kufundishwa tofauti ya tangazo na kazi.

Nianze na lililofanikiwa, maana kulitaja ni haki. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya korosho za kusini ilipakiwa kwenye malori na kusafirishwa zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam, ilhali Mtwara kuna bandari yenye kina cha asili ambayo serikali ilikwisha kuipanua kwa gati jipya la mita 300 lililogharimu zaidi ya shilingi bilioni 150. Katika ziara ile Rais aliagiza korosho za kusini zisafirishwe kupitia Bandari ya Mtwara, na msimu wa 2023/24 meli zikaja kuzichukua. Agizo hilo lilishika kwa sababu lilikuta mambo matatu yako tayari. Gati lilikuwa limekwisha kujengwa kwa fedha za bajeti. Mamlaka ya kupanga utaratibu wa mzigo yalikuwa mikononi mwa serikali yenyewe, haikuhitaji kumbembeleza mtu. Na tarehe ilijulikana, kwa kuwa minada ya korosho hufunguliwa kila Oktoba, hivyo kila ofisi ilijua siku ambayo uzembe wake ungeonekana. Kelele za wananchi kuhusu bandari zilikuwa za siku nyingi. Ziara ndiyo iliyozikutanisha na mtu mwenye uwezo wa kuamua.

Faida yake kwa ajira haihitaji ufafanuzi mrefu. Korosho zikipita Mtwara, hapohapo panahitajika vibarua wa kupakia na kupakua, makarani wa ghala, washonaji wa magunia, mafundi wa malori, mama lishe wa kuwapikia wote hao, bodaboda wa kuwarudisha nyumbani usiku. Hata hivyo kazi hizi ni za msimu. Zinapamba moto Oktoba na kufifia miezi michache baadaye. Tena agizo la kufunga njia nyingine lina gharama yake: meli ikichelewa au makasha matupu yasipoletwa ya kutosha, mnunuzi analipia ghala siku za ziada, na mnada unaofuata anazikata siku hizo kwenye bei anayompa mkulima. Kwa hiyo hata agizo hili jema linahitaji kukamilishwa kwa utaratibu ulioandikwa na kutangazwa kabla ya msimu: ratiba ya meli, idadi ya makasha, na hatua itakayochukuliwa meli isipofika. Bila hayo, mafanikio ya msimu mmoja yatategemea ukali wa simu zinazopigwa kutoka Dodoma.

Ubaya wa agizo lisilo na maandalizi tuliuona miaka mitano kabla ya ziara hiyo. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 313,000 na bei ikapita shilingi 4,000 kwa kilo. Mwaka uliofuata bei ya dunia ilishuka, wanunuzi wakaja na bei za chini, wakulima wakagoma kuuza. Novemba 2018 Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Wakulima walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, kwani waliona kiongozi amesimama upande wao. Lakini hakukuwa na mnunuzi aliyekwisha kupatikana huko mbele, wala fedha zilizotengwa kwa ununuzi huo, wala utaratibu wa malipo uliojaribiwa. Uhakiki wa mashamba ukachukua miezi, wengine wakasubiri malipo yao muda mrefu mno, mkataba wa kuuza tani 100,000 kwa kampuni moja ya Kenya uliotiwa saini Januari 2019 ukaanguka, na korosho zikakaa maghalani zikipoteza ubora. Anayedhani madhara yaliishia kwa mkulima ahesabu upya: mwenye duka la Tandahimba aliyekopesha bidhaa kwa ahadi ya msimu, kibarua wa ghala, fundi cherehani anayetegemea sare za shule za Januari, wote wanaishi kwa shilingi ileile ya korosho.

Mwaka huohuo wa 2018 lilifanyika jambo jingine lisilo na shangwe wala jukwaa, na nadhani liliumiza zaidi. Hadi wakati huo asilimia 65 ya tozo ya korosho ghafi zinazouzwa nje ilikuwa ikirudi kuendeleza zao lenyewe, yaani utafiti na pembejeo. Juni 2018 Bunge lilipitisha mabadiliko yaliyoielekeza tozo yote Mfuko Mkuu wa Serikali, huku wabunge wa kusini wakipinga vikali. Mkorosho ni mti mvumilivu, ila una adui anayeitwa ubwiriunga, ukungu mweupe unaoyavamia maua na kuyakausha kabla hayajashika tunda. Dawa yake ni salfa, ikipulizwa kwa wakati, hasa kati ya Juni na Agosti, na watafiti wa Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, wamelifanyia kazi tatizo hilo kwa miongo. Salfa ikichelewa wiki chache, msimu umepotea na hakuna hotuba itakayourudisha. Uzalishaji ulipungua, na msimu wa 2022/23 haukufika tani 190,000. Serikali ilipoanza kugawa salfa na viuatilifu kwa ruzuku na kuwaandikisha wakulima, na miche mipya iliyopandwa ilipoanza kuzaa, mambo yakageuka: karibu tani 310,000 msimu wa 2023/24, zaidi ya tani 500,000 msimu wa 2024/25. Hali ya hewa ilisaidia, na bei iliyopita shilingi 4,000 kwenye mnada wa kwanza wa Oktoba 2024 ilichangiwa na uhaba wa mzigo Afrika Magharibi. Lakini mvua haipulizi salfa. Ufufuaji huu umesimama juu ya kifungu cha bajeti kinachotekelezwa mwaka hadi mwaka.

Kutoka Mtwara mjini, barabara ya Mnivata inapanda uwanda wa Makonde kupita Nanyamba na Tandahimba hadi Newala, mji ulioketi ukingoni ukitazama bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake. Huku juu ndiko swali la ajira linapokuwa gumu, kwa sababu ndiko korosho inakozaliwa na ndiko inakoondoka ikiwa na ganda lake. Kubangua ni kazi ya mikono, na mikono mingi ni ya wanawake. Korosho huchemshwa kwa mvuke au kukaangwa ganda lilegee, kisha mbanguaji anaiweka moja moja kati ya visu viwili, anakanyaga pedali, ganda linapasuka, anachokoa kiini kwa ncha ya kisu kidogo. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, kwa hiyo mikono hupakwa majivu au mafuta kabla ya kuanza. Baadaye viini hukaushwa, vikamenywa ngozi yake nyembamba, vikachambuliwa: vizima huku, vilivyovunjika kule, maana kiini kizima kina bei nzuri kuliko vipande. Kilo moja ya kiini hutokana na kilo nne hadi tano za korosho ghafi. Kila tani inayopakiwa melini ikiwa ghafi imebeba siku za kazi ambazo zingelipwa Newala au Masasi, na sasa zinalipwa India na Vietnam.

Mtu atasema: basi Rais aagize viwanda vijengwe. Viliwahi kujengwa. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 serikali ilikopa, ikiwemo kutoka Benki ya Dunia, ikajenga viwanda kadhaa vya kubangua vyenye uwezo wa zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Masasi, Newala, Nachingwea, Mtama, Lindi na Tunduru, kote vilijengwa. Vilipokamilika, korosho hazikuwapo. Uzalishaji uliofika tani 145,000 msimu wa 1973/74 ulikuwa umeporomoka hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa duni, ubwiriunga ulikuwa umeingia, na kabla ya hapo Operesheni Vijiji ya 1974 ilikuwa imezihamisha familia mbali na mikorosho yao. Hili la mwisho tulitazame vizuri. Agizo moja kutoka juu lilivunja msingi uliotarajiwa kulisha mradi mwingine wa serikali hiyohiyo. Viwanda vilipobinafsishwa baadaye, vingi viligeuka maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri kupelekwa nje.

Sababu zinazovikwamisha viwanda leo nazo haziko chini ya mamlaka ya jukwaa. Msimu wetu unaanza Oktoba, wakati viwanda vya India vimekwisha kumaliza mavuno yao wenyewe yanayoanza Februari, kwa hiyo vina njaa ya malighafi na viko tayari kulipa. India hutoza ushuru mkubwa kwa kiini kilichobanguliwa kuliko korosho ghafi, ili kulinda kazi za watu wake. Vietnam imewekeza kwenye mashine zinazobangua kwa gharama ndogo. Mbanguaji wa Mtwara lazima anunue malighafi ya mwaka mzima ndani ya miezi mitatu ya minada, akishindana na wafanyabiashara wenye mikopo ya riba nafuu, huku yeye akikopa kwa riba ya benki zetu. Anachokihitaji ni mtaji wa kununua wakati wa msimu, umeme usiokatika, na uhakika kwamba masharti ya Oktoba hii yatakuwa yaleyale Oktoba ijayo. Hilo la tatu ndilo tunalomnyima kirahisi kuliko yote. Mwekezaji anayejua kwamba bei, njia ya kusafirishia au tozo inaweza kubadilika kwa tamko la mkutano wa hadhara hataajiri mbanguaji wa kudumu. Ataajiri kibarua wa siku, au ataacha kabisa.

Najua pingamizi la kwanza, na lina uzito. Bila ziara, husemwa, dola inakuwa kiziwi. Mtendaji wa halmashauri aliyelala juu ya faili miaka miwili huamka akisikia msafara unakuja, barabara inachongwa, mashine iliyokuwa stoo inawashwa, mjane anarudishiwa kiwanja. Nakubali, na kisa cha bandari kinathibitisha. Lakini tuangalie hoja hiyo inakiri nini: inakiri kwamba ofisi hazifanyi kazi mpaka zitishwe. Nchi yenye mikoa 31 haiwezi kuendeshwa kwa kusubiri kiongozi mmoja afike kila wilaya, na wilaya ambayo zamu yake haijafika ina watu wale wale wenye shida zile zile. Ziara ni sikio zuri. Ikifanywa kuwa mkono pekee wa serikali, inawafundisha maofisa kusubiri agizo badala ya kutimiza wajibu, na inawafundisha wananchi kuandika mabango badala ya kumbana diwani wao kwenye mkutano wa kijiji, ambao sheria inautambua na ambao haugharimu msafara wa magari.

Pingamizi la pili linasema kanuni ni za polepole, na mwenye njaa hasubiri Gazeti la Serikali. Mwaka 2018 wakulima walikuwa na korosho ghalani na ada za shule mlangoni. Je, Rais angenyamaza? Hapana. Dharura inadai hatua. Lakini hatua ya dharura inaweza kuandaliwa mapema: mfuko wa kufidia bei inapoporomoka, wenye kiwango kinachojulikana, fedha zinazowekwa miaka ya neema na masharti ya kuufungua. Miaka ambayo bei ilipita shilingi 4,000 ndiyo miaka ya kuujaza. Wakulima wenyewe wameonyesha kwamba utaratibu haumwondolei mnyonge nguvu. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kusini msimu wa 2007/08, korosho hupelekwa kwa chama cha msingi, hukusanywa ghala kuu, na bei husomwa mbele ya wakulima ambao wanaweza kuikubali au kuikataa. Mfumo huu una kasoro zake, makato yamelalamikiwa na malipo yamewahi kuchelewa, lakini umempa mkulima kitu ambacho kangomba, mnunuzi wa kificho anayepima kwa bakuli kabla ya msimu, hakumpa kamwe: nafasi ya kusema hapana na kubaki na mzigo wake.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wachumi, nalo ndilo gumu kuliko yote. Wanasema mkulima anafaidika zaidi kuuza ghafi kwa mnunuzi mwenye bei nzuri kuliko kulazimishwa kumuuzia mbanguaji wa ndani asiyeweza kulipa. Nakubaliana nao kwamba kupiga marufuku ghafi isitoke kabla viwanda havijawa na uwezo kutamfanya mkulima maskini alipie ajira za mjini. Serikali imesema mara kadhaa kwamba lengo lake ni korosho zote kubanguliwa nchini, na ni lengo zuri. Njia ya kulifikia ni kuwapa wabanguaji mkopo wa msimu na kuwarudishia sehemu ya tozo kwa kila tani waliyobangua, kisha kupunguza ghafi hatua kwa hatua kwa ratiba iliyotangazwa. Tozo inayotokana na ghafi ndiyo inayopaswa kujenga uwezo wa kuachana na ghafi. Hapo mkulima habebeshwi mzigo, na mbanguaji anaajiri akijua kesho yake.

Hukumu yangu basi ni hii. Ziara ya 2023 ilifaa pale ilipokuta gati, mamlaka na msimu, na itaonekana haikufaa pale ambapo ajira za viwandani zilisemwa bila kuandikiwa mtaji wala ratiba. Hakuna sababu ya kuzikomesha ziara. Kilichopo ni sababu ya kuzidai zaidi. Msafara mwingine utakapofika Masasi, Newala, Ruangwa au kwenye wilaya yako, msomaji, usiishie kuinua bango la kero. Agizo likishatolewa, uliza litaingia kwenye kanuni gani, fedha zake zimo kwenye kifungu gani cha bajeti, na ni tarehe ipi mkuu wa wilaya atarudi uwanjani hapo kueleza limefikia wapi. Andika majibu, yabandike kwenye mbao za matangazo za kijiji, na tarehe hiyo ikifika, mwite aje ayajibu.